Kazi ya msaidizi wa utafiti wa haki za binadamu, kwa anayeianzia Lamu

Mtafiti huja kwa ndege ya Manda, akakaa wiki mbili tatu, akarudi kwao. Wewe unabaki. Yule mama uliyemhoji utakutana naye sokoni, watoto wa yule bwana aliyekueleza habari za askari wanasoma na wako, na chifu atakuuliza wageni walitaka nini. Kwa hiyo jambo hili nalitanguliza mbele ya mengine yote: mhifadhi mtu kwanza, halafu ndipo uhifadhi habari aliyokupa. Ukielewa hilo, mengine yote ni ufundi, na ufundi hufundishika.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni. Nilianza kwa kunakili mahojiano ya watu wengine, masikio yamezibwa na vipokea sauti, kabla sijaaminiwa kuuliza swali hata moja. Nakushauri uanze hivyohivyo. Kunakili hukufunza pale ambapo mhojaji alimkatiza mzee wa watu, na pale ambapo jibu zuri lilikuja baada ya kimya kirefu. Njia nyingine nzuri ni kuanza kama msaidizi wa kisheria katika jamii, wale ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua. Mtu aliyewahi kumsindikiza mjane mahakamani ana macho ambayo shahada peke yake haimpi.

Kabla hujakubali

Muulize anayekuajiri: nani analipia utafiti huu? Majina ya watu yatawekwa wapi, na nani atayaona? Ripoti itasomwa na nani? Na shahidi akitishwa baada ya ninyi kuondoka, mna mpango gani? Swali hilo la mwisho ndilo mizani. Asipokuwa na jibu, kazi hiyo iache, hata posho ikiwa nono.

Kisha omba nakala ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, uiweke mkobani pamoja na barua ya utambulisho. Anza ofisi ya kamishna wa kaunti, shuka kwa naibu wake, kisha chifu, kisha mzee wa kijiji. Usiruke ngazi, kwani watu wa kijijini ndio watakaosumbuliwa. Lakini chifu anapewa mada na tarehe tu. Orodha ya utakaowahoji haimhusu, naye akiomba, mjibu kwa adabu kwamba kanuni za utafiti hazikuruhusu.

Soma hukumu zenyewe

Sura ya Nne ya Katiba ya 2010, ile ya haki za watu, isome mpaka uizoee. Baada ya hapo, soma hukumu mbili zinazotuhusu sisi. Ya kwanza ni kesi ya bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa mwaka 2012; mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema haki za watu wa Lamu zilivunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ya pili ni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Zisome ukiwa na kalamu, maana humo utaona ni habari gani zina uzito. Mtu akikwambia "tuliitwa mkutanoni", usiandike hivyo ukapita. Nani aliita? Barua ilifika siku ngapi kabla? Palizungumzwa lugha gani? Ripoti ya mradi ililetwa, au watu walielezwa kwa mdomo tu? Nani alipinga, akajibiwa nini? Halafu uliza habari za karatasi ya sahihi. Huku kwetu watu husaini ili warudishiwe nauli, kisha karatasi ileile ikatajwa kuwa ushahidi kwamba walikubali. Tofauti hiyo isipoandikwa na msaidizi anayewajua watu, mtafiti wa mbali hataijua.

Kuhoji

Usiulize, "Je, uchimbaji wa bandari ulichafua maji mkakosa samaki?" Hapo umeshamjibia. Sema, "Bwana, kabla ya bandari ulikuwa ukivua wapi, kwa mtego gani?" Akitaja jarife, ambalo ni aina ya wavu, uliza alilitega wapi. Kisha, "Na siku hizi?" Kisha petroli: zamani alijaza kiasi gani kwa safari, sasa anajaza kiasi gani. Mvuvi anayelazimika kwenda mbali zaidi ataonyesha hasara yake vizuri zaidi kwa lita za petroli kuliko kwa maneno ya uchungu, na lita zinahesabika mahakamani.

Tarehe ndiyo inayowashinda wengi. Mzee wa Kizingitini hatakwambia "Aprili 2012". Atakwambia, "Kusi likianza, maji ya bamvu, Maulidi yamepita." Mgeni huandika "hakumbuki tarehe". Mzee amekumbuka sana, ila kwa kalenda yake. Upepo wa kusi ukianza, tuko karibu na Aprili. Maulidi huwa mfungo sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, basi muulize: ulikuwa mfungo saba au nane? Bamvu, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, basi muulize tena: mwezi ulikuwa mpevu, au usiku wa giza? Hapo umebakiwa na siku chache tu, na kalenda ya Kiislamu itakupa mwezi na mwaka. Mwaka ukimpotea, uliza ni mtoto gani alikuwa amezaliwa. Kadi ya kliniki ina tarehe. Uliza kama siku ile alituma au alipokea pesa kwa M-Pesa. Uliza kama samaki wake waliandikwa kwenye daftari la BMU, kamati ya wavuvi ya ufukweni. Kisha andika vyote viwili: maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe uliyoifikia pamoja na namna ulivyoifikia. Anayekuja kukupinga atauliza hilo la pili.

Katika daftari langu kila ukurasa una safu tatu: aliloliona kwa macho yake, aliloambiwa, na analodhani. Zote zina faida. Lakini zikichanganywa, wakili wa upande wa pili atazipasua dakika kumi tu, na mzee wa watu ataonekana mwongo ilhali hakusema uongo.

Lugha iache ilivyo. Kibajuni kiandikwe Kibajuni, Kiamu kiandikwe Kiamu, na pembeni weka tafsiri ya Kiswahili sanifu. Kwa Waaweer na Waorma tafuta mkalimani wa kwao ambaye si ndugu wa mhojiwa wala mtu wa chifu.

Mahali pa kuhojia ni nusu ya kazi. Barazani si pahali pa siri, na vichochoro vya mji huu vina masikio. Nyumba za watu naziendea baina ya Alasiri na Magharibi, wakati wanawake wanatembeleana na hapana anayeshangaa. Nikifika nabisha hodi, nasubiri dakani, pale kibarazani mlangoni, mpaka nikaribishwe, tunasalimiana na kuulizana hali mpaka iishe, maana kuiharakisha salamu ni kuharibu yote yanayofuata. Mume akisema "muulize tu", hiyo ni ruhusa ya kuingia nyumbani. Ridhaa ya mke itoke kinywani mwake mwenyewe, mkiwa wawili, baada ya kumweleza anaweza kukataa swali lolote, anaweza kusimamisha, anaweza kupiga simu kesho akasema "yafute". Na akisema yafute, yafute.

Kwa aliyepigwa, aliyebakwa au aliyefiwa vibaya, usianze kuuliza kabla hujajua utampeleka wapi. Aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia HIV ndani ya saa 72. Mahojiano yangoje, hospitali ya King Fahd isingoje. Namba 1195, simu ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni ya bure. Fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, haitozwi pesa, mwambie hilo mapema. Na waliofiwa katika mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 wameshaulizwa na waandishi na maafisa. Kama maelezo ya mtu yamo tayari katika rekodi, huna haki ya kumrudisha usiku ule kwa sababu tu mtafiti wako anataka kuyasikia kwa masikio yake.

Utafiti unaposimama

Mama akikwambia mwanawe amechukuliwa jana usiku na hajulikani alipo, funga daftari. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, zikiishia nje ya saa za mahakama, siku ya mahakama inayofuata. Kila saa ina thamani. Mpigie wakili, msindikize mama kituoni, msiondoke bila namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Andikeni mavazi aliyovaa kijana, gari lilivyokuwa, waliosimama karibu. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Mtafiti akinuna kwa sababu ratiba imevurugika, mwache anune.

Majina

Usiandike jina la mtu kwenye karatasi ya mahojiano. Mpe namba, orodha ya majina na namba ikae mahali pengine, si kwenye simu hiyohiyo, wala isipite WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakufunga wewe pia, si mwajiri wako peke yake.

Ila kuficha jina hakutoshi visiwani. Ukiandika "mkunga, umri wa miaka hamsini na kitu, Ndau", umeshamtaja. Kila anayesoma anamjua. Vivyo hivyo "mvuvi mwenye mashua ya injini mbili, Kiwayu". Nikipewa rasimu ya ripoti, naisoma kwa jicho moja tu: je, jirani yake akisoma atamtambua? Nikimtambua mimi, nambishia mtafiti mpaka abadilishe. Watafiti wengi wanashukuru. Mmoja alikasirika, sentensi ikaondolewa hata hivyo. Na picha usipige penye wanajeshi au vizuizi vya barabara. Hiyo haina mjadala.

Karatasi za serikali

Mashahidi wanahitaji kuungwa mkono na nyaraka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuziomba kama raia. Andika barua fupi, taja kifungu hicho na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, taja hati unayoitaka kwa jina lake, mwaka na ofisi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21; jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, peleka nakala yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Bila muhuri huna pa kuanzia.

Pesa, na siku ya kurudi

Nauli ya boti na chakula cha mhojiwa hulipwa, na huandikwa. Maneno yake hayanunuliwi. Ushahidi uliolipiwa hufa mahakamani na humfedhehesha aliyeutoa. Malipo yako wewe yawe kwenye mkataba, pamoja na matibabu ukiumia safarini, na pamoja na uamuzi wako kama jina lako liandikwe kwenye ripoti au lifichwe. Wapo wanaotaka sifa, wapo wenye sababu nzuri za kujificha. Amua mwenyewe, usiamuliwe.

Na kabla hujasaini, dai kipengele cha kurudisha matokeo kwa waliohojiwa: kurasa chache za Kiswahili, zisomwe kwa sauti kila kijiji kilichohojiwa, kabla ripoti haijachapishwa ili waweze kusahihisha. Wanawake wapewe kikao chao. Bajeti yake iwe na mafuta ya boti hadi Kizingitini na Kiunga, kukodi viti, chai na mahamri, na siku mbili za ziada kwa ajili ya bahari chafu, kwa sababu fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa pesa zikipungua.