Kuinua Land Cruiser 79 ili Ivae Matairi ya 285/75R16

Mwongozo huu unahusu gari moja tu, Toyota Land Cruiser HZJ79 yenye springi za koili mbele na springi za pleti nyuma, muundo ulioanza kutoka kiwandani mwaka 1999. Nimeichagua kwa sababu ndiyo gari inayoingia gerejini kwetu Arusha kuliko nyingine yoyote, na kwa sababu nimeiona ikiharibiwa na watu walioianza kazi hii kutoka mwisho: wananunua kwanza springi ndefu, kisha wanatafuta tairi la kujaza nafasi iliyopatikana. Mimi naanza na tairi. Springi hulifuata tairi, na huinua gari kwa kiasi kile tu ambacho tairi linadai.

Piga hesabu kabla ya kutoa fedha

Gari nyingi za safari huvaa 7.50R16 au 235/85R16. Chukua hii ya pili. Namba 235 ni upana wa tairi kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mbavu mbili zina jumla ya milimita 399.5, ukijumlisha na rimu, ambayo ni milimita 406.4, unapata kipenyo cha karibu milimita 806. Ukifanya hivyohivyo kwa 285/75R16 unapata karibu milimita 834. Tofauti ni milimita 28, na nusu yake, yaani 14, ndicho kimo ambacho difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, itapanda kutoka ardhini.

Naomba msomaji aikumbuke hiyo 14. Springi mpya zinazoinua gari milimita 50 haziipandishi difu hata milimita moja, kwa kuwa ekseli ya gari hii ni kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, nayo imebebwa na matairi. Kinachopandishwa na springi ni chesisi na bodi. Anayetaka kupita kwenye mawe ya njia ya Ziwa Natron bila kugonga difu anahitaji tairi kubwa; springi kazi yake ni kulipatia tairi hilo nafasi ya kupanda na kugeuka.

Kumbuka pia kwamba tairi limenenepa kwa milimita 50. Rimu nyembamba iliyokuja na 7.50R16 haifai tena, hivyo tafuta rimu ya inchi 8 yenye matundu matano kwenye duara la milimita 150. Nunua matairi matano ya saizi moja, kwa sababu tairi la akiba lenye kipenyo tofauti huitesa boksi ya fowili, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, mara tu unapofunga gia ya magurudumu manne, na hakikisha mapema kwamba mahali pa kubebea akiba panatosha.

Kwa gari inayoshinda kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa mvua, mimi hushauri ibaki na tairi jembamba, ambalo hukata tope badala ya kuelea juu yake. Na mteja anayeomba 315/75R16, yenye kipenyo cha karibu milimita 879, kwa gari inayobeba abiria kila siku, huwa nakataa kazi hiyo.

Hatua ya kwanza: pima uzito na kimo

Springi huchaguliwa kwa mzigo ambao gari hubeba siku zote. Paa la kufunguka, viti saba, friji, tangi la pili la dizeli na madumu ya maji ni uzito usioshuka, basi ipeleke gari kwenye mizani ikiwa navyo, upime mbele peke yake na nyuma peke yake, kisha umpe muuza springi namba hizo mbili. Springi ngumu kupita mzigo wake hurusha abiria kwenye mawimbi ya barabara ya Ngorongoro kwenda lango la Naabi, na springi laini hulala ndani ya miezi michache. Kisha pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, uandike namba zote nne.

Hatua ya pili: tafuta mahali tairi litakapogusa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na ndipo mafundi wengi wanaporuka. Gari iliyosimama kwenye sakafu tambarare haikuambii chochote. Tairi hugusa wakati ekseli imepanda hadi mwisho upande mmoja huku usukani umekatwa, na hali hiyo utaitengeneza mwenyewe gerejini kabla ya kukutana nayo korongoni.

Weka kabari nyuma ya matairi ya nyuma. Inua sehemu ya mbele, simamisha chesisi juu ya stendi mbili imara, kisha ondoa shokapu na koili za mbele, huku ekseli ikiwa imeshikwa na jeki. Azima tairi moja la 285/75R16 lenye rimu yake, ulifunge upande mmoja. Sasa pandisha ekseli polepole kwa jeki hadi iguse mpira wa kuzuia ulio chini ya chesisi. Paka chaki nyeupe kwenye mabega ya tairi, ndani na nje, kisha mwenzako akate usukani wote kulia, na baadaye wote kushoto. Shusha, chukua tochi, uingie chini kutazama.

Chaki husema kweli. Kwa kawaida utaikuta sehemu mbili: kwenye mkono wa chuma unaoishika ekseli kwa nyuma, na kwenye kona ya nyuma ya madigadi. Ule mkono hutibiwa kwa bolti ndogo ya kuzuia usukani iliyo nyuma ya kitovu cha gurudumu. Ifungue nati yake, izungushe itoke kidogo, ujaribu tena. Gari itapoteza kidogo uwezo wa kukata kona, lakini tairi halitachunika. Kona ya madigadi hutibiwa kwa kukunja au kukata ukingo, na ikiwa tairi bado linagusa kwa juu, unaongeza urefu wa mpira wa kuzuia ili ekseli isifike huko kabisa. Andika ni milimita ngapi umeongeza, kwa sababu shokapu mpya lazima ziwe na urefu unaolingana: zikijikunja hadi mwisho kabla ekseli haijagusa mpira, zitapasuka ndani.

Mara nyingi chaki hunionyesha kwamba milimita 50 zinatosha kwa tairi hili. Zaidi ya hapo unanunua matatizo.

Hatua ya tatu: springi za mbele

Huku gari bado ikiwa kwenye stendi, fungua linki za stabilaiza, ile rodi inayozuia gari kulala pembeni, na bano linaloshika paipu ya mpira ya breki kwenye chesisi. Hili bano nitalisimamia kwa maneno mengi. Miaka kadhaa iliyopita nilirudisha gari ya mteja nikiwa nimesahau kulishusha. Paipu ilifika, lakini ilikuwa imevutika kama uzi wa ndoano. Wiki sita baadaye dereva alinipigia simu akiwa karibu na Makuyuni: "Fundi, pedali inazama." Nilipofika nilikuta mpira umechanika palepale unapoingia kwenye chuma, na mafuta ya breki yametapakaa ubavuni mwa tairi. Gari haikuwa na abiria siku hiyo. Tangu wakati huo hakuna gari inayotoka kwangu kabla sijaiachia ekseli ining'inie hadi mwisho, nikapitisha kidole kwenye kila paipu na kila waya, na kuhakikisha kwamba kimoja kimoja kinalegea. Paipu isiyolegea hubadilishwa na ndefu zaidi, au bano lake hushushwa kwa kipande cha chuma.

Koili mpya ziingie zikiwa zimekaa vizuri kwenye vikombe vyake, mwisho wa waya ukiwa umefika kwenye kituo chake. Funga shokapu, ushushe gari.

Hatua ya nne: rodi ya panadi na kasta

Rodi ndefu inayotoka kwenye chesisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili ndiyo inayozuia ekseli kuyumba kulia na kushoto. Gari ikipanda, rodi hiyo huzunguka na kuivuta ekseli nzima pembeni milimita chache. Tundika timazi kwenye ukingo wa madigadi kila upande, upime umbali wa uzi hadi kwenye rimu. Tofauti ikizidi milimita kumi kati ya kulia na kushoto, weka rodi yenye urefu wa kurekebishwa. Ikiwa ndogo kuliko hapo, mimi huiacha.

Kasta haiachwi. Ni ule mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kuelekea nyuma, unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Kwa kuwa ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma, kila milimita 25 unazoinua hupunguza kasta kwa takriban digrii moja, na gari iliyoinuliwa 50 bila marekebisho hutangatanga barabarani hadi dereva anachoka mabega. Weka bushi za kasta zenye tundu lililosogezwa, zinazorudisha digrii mbili. Alama yake ielekee upande ule uliooneshwa na mtengenezaji, pande zote mbili sawasawa, maana ukiigeuza unaongeza ugonjwa uliotaka kuuponya. Baadaye ipeleke gari kwenye mashine ya alaimenti, uombe kasta isomwe kwa namba.

Hatua ya tano: nyuma

Tumia springi kamili mpya zenye upinde mkubwa zaidi. Kuongeza pleti moja kwenye springi zilizochoka au kufunga shakeli ndefu (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi) ni njia za bei nafuu ninazoziona kila wiki, na zote hurudi: pleti ya ziada huifanya nyuma iwe ngumu kama mbao, na shakeli ndefu huinamisha difu hadi krosi za propela, viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, zinaanza kutetemeka.

Beba difu kwa jeki na chesisi kwa stendi, fungua shokapu, ondoa yuboti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), kisha shakeli, na mwisho pini ya mbele. Bolti ya katikati ya springi mpya lazima iingie barabara kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Yuboti za zamani usizirudishe, kwa kuwa zimekwisha kuvutika. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zishike kwa mkono tu mpaka gari isimame kwa uzito wake juu ya matairi, ndipo uzikaze kwa spana ya toki. Ukizikaza hewani, mpira utakaa umesokotwa muda wote, na utakatika.

Kuna kifaa kimoja ambacho husahauliwa: vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo kwa rodi iliyounganishwa na ekseli. Nyuma ikipanda, vali hudhani gari haina mzigo, nayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Pandisha bano la rodi hiyo kwa kiasi kilekile ulichoinua gari, kisha zijaribu breki mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo, gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida.

Baada ya kazi

Kaza tena yuboti na nati za magurudumu baada ya kilomita 100, halafu baada ya 500. Kwa matairi haya, kama spidomita yako ilikuwa sahihi hapo mwanzo, ikisoma 80 unakwenda karibu 83, na kilomita 5,000 za dashibodi ni kama 5,170 za kweli, kwa hiyo mafuta ya injini yabadilishwe mapema kidogo. Difu ya 4.1 sasa hufanya kazi kana kwamba ni 3.96, dereva ataisikia kwenye kupanda ukingo wa Ngorongoro, na ni lazima ashuke gia moja mapema kuliko alivyozoea. Mweleze hivyo kabla hajaondoka. Mjulishe pia mwenye gari kwamba kampuni yake ya bima inapaswa kupewa taarifa ya maandishi kuhusu mabadiliko haya.

Baada ya kilomita 1,000 irudishe gari, upime tena kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye madigadi, pande zote nne. Springi mpya hukaa chini kidogo. Tofauti ya upande mmoja na mwingine ikizidi milimita 15, ifungue uangalie.