Kabla ya Kununua Meza, Uliza Itakaa Wapi

Nyumba ya mama iko Raskazone, Tanga, ambako upepo wa bahari huingia mpaka jikoni. Miaka michache iliyopita nilimletea meza ya kulia kwa kontena kutoka Uingereza, nyeupe, inang'aa, ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Masika ya kwanza tu kingo zikavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, skrubu zikalegea matunduni. Ukutani, meza ya mvule aliyoachiwa na bibi ilisimama vilevile. Tangu siku hiyo, ndugu wa ughaibuni akiniuliza anunue meza gani, namuuliza kwanza itakaa wapi.

Mbao hunywa unyevu hata ikishakuwa meza. Ikinywa hutanuka, ikikauka husinyaa, na karibu yote hayo hutokea kwenye upana, si kwenye urefu. Pwani yetu mbao hutulia ikiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Ndani ya nyumba ya Ulaya yenye hita, msimu wa baridi hushuka hadi 7 au 8. Ndiyo maana meza iliyotengenezwa vizuri Ngamiani, hapo hapo Tanga, inaweza kupasuka katikati ikifika Stockholm. Mara nyingi tatizo ni namna ilivyofungwa: ubao wa juu umegandishwa kwa gundi na misumari kwenye fremu, hauna pa kusogea. Mwambie fundi aufunge kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, au kwa vikono vidogo vya mbao vinavyoteleza ndani ya mfereji wa fremu. Seremala anayeijua kazi yake atakuelewa hujamaliza kueleza.

Kwa meza mpya ya kusafirisha, nachagua mninga. Hutanuka na kusinyaa kidogo sana ukilinganisha na miti mingi. Inayobaki Tanga, mtiki unatosha, na shamba la miti la Longuza liko hapo Muheza. Ila tazama rangi. Kiini cha kahawia ndicho ambacho mchwa hukiogopa. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo huliwa kama mti mwingine wowote, na mti mchanga una weupe mwingi. Vanishi nyeusi huficha yote hayo. Kwa hiyo omba picha za mbao kabla hazijapakwa kitu, na usimalizie malipo mpaka shangazi au mdogo wako amefika karakana akaziona kwa macho.

Meza ya zamani inataka subira zaidi, na mimi ndiyo ninayoipenda. Ipindue. Chini hakuna aliyepaka rangi ya kukuvutia. Tafuta vitundu vya bungua, mdudu anayetoboa mbao. Vitundu peke yake si kitu, lakini ukigonga na unga mpya ukadondoka, wadudu bado wamo. Bonyeza miguu kwa ukucha pale inapogusa sakafu, maana miaka ya kudeki kwa maji huozesha hapo kwanza. Itikise kwa pembe: kiungo cha ulimi na tundu kilicholegea hurekebishika kwa gundi siku moja, mguu uliooza haurekebishiki.

Kuna biashara moja inayoniumiza. Bagamoyo na Pangani utaonyeshwa meza ya kahawa iliyotengenezwa kwa mlango wa nakshi, kioo juu. Mlango uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa na Sheria ya Malikale ya 1964, na kuutoa nchini kunahitaji kibali. Kwangu hata kibali hakitoshi. Mlango ule ulikuwa wa nyumba ya watu, na mji unabaki na tundu. Mwambie fundi akuchongee nakshi mpya.

Vipimo havina mambo mengi. Kimo sentimita 75, kila mlaji upana wa 60, na nyuma ya kiti acha 90 mtu apite. Kama kwenu sinia la pilau huwekwa katikati, chukua meza ya duara ya sentimita 120, kila mkono ufike. Pima pia mlango wa nyumba, hasa wa ghorofa ya huko uliko.

Ukisafirisha, anza kuuliza vibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu mapema, siyo wiki ya kontena. Mpingo uko tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, hivyo meza nzito ya mti huo usiipakie bila karatasi. Kreti la mbao la kufungia nalo lazima liwe limetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa moto nyuzi 56 kwa dakika 30, na kupigwa mhuri, la sivyo linaweza kuzuiwa bandarini unakopokelea. Upige picha mhuri huo kabla kontena halijafungwa.