Kuomba video ya kamera ya polisi bila kumwanika jirani

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuziba nyuso kwenye video za kamera ambazo polisi huvaa kifuani, kabla hazijakabidhiwa kwa walioziomba. Siku hizi nimehamia upande wa pili wa meza, nawasaidia watu kuandika hayo maombi. Kwa hiyo nayajua yanayojibiwa, na nayajua yanayolala kwenye droo.

Kwanza kabisa, usizubae. Video isiyohusishwa na kesi yoyote hufutwa: jimbo la Illinois, Marekani, huitunza siku 90, polisi wa Uingereza kwa kawaida siku 31 tu. Ukikaa miezi minne ukijishauri, utaambiwa haipo, na watakuwa wanasema kweli. Ndiyo maana barua ya kwanza isiwe ya kuomba video, iwe ya kuzuia isifutwe. Sentensi moja yatosha: "Kuhusu tukio la tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, naomba rekodi zote zihifadhiwe mpaka ombi langu litakapoamuliwa." Hakikisha unabaki na uthibitisho kwamba imepokelewa.

Kisha ombi lenyewe. Karibu kila mtu huandika "nipeni video zote za usiku ule", na mimi ombi la namna hiyo nililisukuma chini ya rundo, sikatai. Piga hesabu: kwa picha 30 kila sekunde, dakika kumi ni picha 18,000. Askari wakiwa wanne, zidisha kwa nne. Programu huufuata uso yenyewe, ila mtu akigeuka au akiinama inampoteza, na hapo ni macho ya binadamu. Taja kipande chako: "tangu gari liliposimamishwa hadi nilipoachiwa." Weka namba ya tukio na namba ya askari kama unazo. Halafu ongeza mstari ambao wengi hawaujui: "Nakubali nyuso na sauti za watu wengine zifichwe." Faragha ya wengine ndiyo sababu niliyoiona ikitumika mara nyingi kukataa, na kwa mstari huo umeshaipunguza nguvu.

Haki yako inategemea uko wapi na wewe ni nani kwenye video hiyo. Uingereza, aliyeonekana huomba kama taarifa zake binafsi, bure, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi. North Carolina, kwa sheria ya 2016, aliyemo anaweza kuomba kuonyeshwa, lakini nakala ya kuondoka nayo hutaka amri ya mahakama. California, askari akifyatulia mtu risasi, video hutakiwa kutolewa kwa umma ndani ya siku 45, isipokuwa kuwe na sababu za kuichelewesha. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi pamoja na kifungu walichotumia. Rufaa hujengwa juu ya karatasi hiyo. Na ukinyimwa nakala, omba angalau kuitazama pale pale ofisini.

Video ikifika, usishtuke mwanzo ukiwa kimya. Kamera nyingi huhifadhi sekunde kama 30 za kabla ya askari kubonyeza kitufe, mara nyingi picha peke yake bila sauti. Si lazima mtu awe amechezea.

Sasa, kabla hujaitupia kwenye kundi la WhatsApp. Niliwahi kumaliza video ya ugomvi wa nyumbani, nyuso zote nimeziziba, nikajiona fundi. Mwenzangu akanirudishia. Kioo cha kabati kilikuwa kinamwonyesha mtoto aliyejibanza nyuma ya mlango, na dakika za mwisho mama mwenye nyumba alikuwa akimtajia askari namba yake ya simu, tarakimu moja moja, taratibu, ili aiandike vizuri. Tangu siku hiyo nilizipitia mara mbili: mara ya kwanza kwa macho bila sauti, nikitafuta vioo, televisheni zilizozimwa, vitambulisho vilivyoinuliwa, namba za magari, mara ya pili nimefumba macho, nikisikiliza tu. Nawe fanya hivyo. Ziba kwa kiboksi cheusi, maana ukungu mwepesi haumfichi mtu kwa anayemfahamu. Fanyia kazi nakala, faili la asili usiliguse hata kidogo. Siku ya mahakamani ndilo litakaloulizwa.

Na kama wewe ndiye mpita njia uliyemo kwenye video ya mwingine, usingoje uione mtandaoni. Iandikie ofisi inayoitunza, uwape saa, mahali na nguo ulizovaa, uombe uso, sauti na anwani yako vifichwe. Nguo ndizo zilizonisaidia zaidi. Mtu akiniandikia "shati la kijani, nimebeba ndoo", nilimpata ndani ya dakika mbili.