Kubadili nyuzi, dakika na sekunde kuwa desimali na radiani

Chukua latitudo ya 6° 48′ 36″ Kusini, eneo la Dar es Salaam. Gawa dakika kwa 60: 48 ÷ 60 = 0.8. Gawa sekunde kwa 3600: 36 ÷ 3600 = 0.01. Jumlisha na nyuzi kamili, unapata 6.81. Kwa kuwa ni Kusini, weka alama ya kutoa mwishoni kabisa: −6.81.

Kosa linalojirudia ni kuandika 6° 48′ kama 6.48. Jibu sahihi ni 6.8. Tofauti ya nyuzi 0.32 inakusogeza takriban kilomita 35 kaskazini; kwa Dar, unakaribia latitudo ya Bagamoyo!

Kurudi nyuma: 39.28333. Acha 39, zidisha 0.28333 kwa 60, unapata 16.9998, yaani dakika 17. Usikate desimali mapema. Ukibaki na 39.28 utapata 39° 16′ 48″, pungufu kwa sekunde 12, karibu mita 370 ardhini.

Radiani, kipimo kingine cha pembe, ni rahisi zaidi: zidisha nyuzi kwa π, gawa kwa 180. Nyuzi 6.81 ni radiani 0.1189 hivi. Kurudi, zidisha kwa 180, gawa kwa π.

Kabla ya kuamini kikokotoo, bonyeza sin 30. Ikija 0.5, kipo kwenye nyuzi (DEG). Ikija −0.988, kipo RAD. Ikija 0.454, kipo GRAD, ambako pembe mraba ni 100 badala ya 90.