Mtu kazima na unga (heroini): anza na pumzi, maziwa achana nayo

Naandika hii kwa washkaji wa maskani na familia zao, maana mpaka leo naona mtu kazidiwa halafu wenzake wanammwagia maji, makofi, wengine wanamnywesha maziwa au wanamdunga maji ya chumvi, na huku dakika zinaisha. Unga ukizidi unachoua ni pumzi, ubongo unaacha kuusukuma mwili uvute hewa. Maziwa hayarudishi hewa, na kwa mtu aliyezima yanaishia kwenye mapafu.

Mwenye stimu tu anasinzia, ila ukimwita kwa sauti au ukimsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi anashtuka. Aliyezidiwa hashtuki. Anapumua kwa kuruka ruka, mboni zimekuwa ndogo kama nukta, na kwa ngozi zetu usihangaike na rangi ya uso, mfunue mdomo wa chini uone kwa ndani, angalia na kucha, utakuta kijivu. Na ule mkoromo mzito kama ana maji kooni sio usingizi jamani. Kuna mmoja alikoroma hivyo tukasema muacheni alale, aliponyamaza ndio tukaruka, na tulimuwahi kwa bahati tu.

Mmoja akimbilie bajaji au gari (boda haifai, mtu kazima hawezi kukaa), wewe baki naye. Mlaze chali, toa kilichomo mdomoni, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni mara mbili ukiangalia kifua kinapanda, halafu pumzi moja kila sekunde 5, usiache. Kifua kisipopanda rekebisha kichwa. Kama hana dalili yoyote ya uhai sukuma kifua katikati kwa nguvu, mara 30 kisha pumzi 2, hivyo hivyo mpaka msaada ufike.

Mkiwa na naloksoni (dawa ya kuzuia nguvu ya unga ili pumzi irudi), ampuli ya 0.4 mg idunge kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo, endelea kupulizia dakika 2 au 3, bado hapumui ongeza nyingine. Shirika la Afya Duniani toka 2014 linasema hata raia wa kawaida apewe hii dawa, kwa hiyo iulizieni kliniki bila aibu.

Sasa hizi kete (vipakiti vya unga) hujui zimechanganywa na nini. Kukiwa na valium au dawa nyingine ya usingizi, naloksoni haiigusi, kwa hiyo akirudi kupumua vizuri ila bado kalala usimrundikie dozi, mgeuzie ubavu na umwangalie. Na hospitali mwambieni daktari ukweli, ni unga, na kama alichanganya na pombe au vidonge semeni.

Walio hatarini zaidi ni waliotoka sober house (nyumba za kuachia unga) au gerezani, mwili umeshasahau kuuvumilia, kiasi alichozoea zamani kinamlaza. Hata walioanza methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa unga), iwe Muhimbili ambako ilianza 2011 au kwingine, wiki 2 za mwanzo usiongezee kitu juu. Muuzaji mpya? Onja kidogo, na usiwe peke yako.

Akiamka ataamka na arosto (mateso ya kukosa unga), atakasirika, atataka kete nyingine hapo hapo. Kaa naye si chini ya masaa 2, naloksoni inaisha ndani ya dakika 30 mpaka 90 na unga bado uko damuni, anaweza kuzima tena. Mwambie taratibu arosto hii itapungua yenyewe dawa ikiisha, akijidunga sasa ule wa mwanzo na huu mpya vitamkuta pamoja.