Namna ya Kuajiri na Kudumisha Wakaguzi wa Maegesho Mombasa Bajeti Ikiwa Finyu

Kabla ya kuomba watu wapya, keti na mhasibu. Kanuni za fedha za mwaka 2015 haziruhusu kaunti kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake yote kwa mishahara na marupurupu, kwa hivyo ombi kubwa lisilo na hesabu hukwama mapema. Tembea mwenyewe Barabara ya Digo, Moi Avenue na pembezoni mwa Marikiti, asubuhi na tena alasiri, uone ni wapi magari hupishana upesi na ni wapi hulala kutwa. Idadi ya wakaguzi itokane na matembezi hayo, si na orodha ya mwaka uliopita.

Nafasi zitangazwe kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na tangazo liseme wazi kwamba kazi ni ya kusimama juani na kutukanwa. Katika usaili, mpe mwombaji igizo la mwenye gari aliyekuta gurudumu limefungwa mnyororo huku amechelewa feri ya Likoni. Anayeweza kushusha sauti anafaa kuliko mwenye miraba minne.

Usishawishike kujaza pengo kwa vibarua wa siku. Sheria ya Ajira ya 2007 humtambua kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na kesi ya madai hugharimu kuliko mkataba ulioandikwa vizuri tangu mwanzo. Ni afadhali watu kumi wenye mkataba wa muda maalumu na kiinua mgongo kuliko ishirini wasiojua kesho yao.

Kuwadumisha ndiko kugumu zaidi. Kwa maoni yangu, udogo wa mshahara humchosha mtu polepole, lakini kucheleweshwa kwake humwondoa ghafla, kwa sababu mwenye nyumba hasubiri. Basi, ikibidi kuchagua, ahirisha sare mpya ulipe kwa tarehe. Panga zamu fupi za kupokezana wakati wa joto la kaskazi, tafuta kivuli na maji ya kunywa katika kila eneo, na mwezi wa Ramadhani waulize waliofunga wanapendelea saa zipi kabla ya kubandika ratiba. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

Jambo linalosahauliwa ni kumtetea mkaguzi anapogombana na mkubwa. Ikiwa mnyororo uliofungwa kihalali hufunguliwa kwa simu moja kutoka juu, mkaguzi hujifunza kufumba macho, na baadaye hujifunza kupokea kitu kidogo. Weka daftari la kila mnyororo uliofunguliwa bila malipo, pamoja na jina la aliyeamuru na sababu yake, na wakaguzi waruhusiwe kulisoma.