Kabla ya Kulifunga Tela Nyuma ya Gari

Tela la kambi likiwa limesimama uani huonekana kama chumba kidogo kilichotiwa magurudumu, na familia hulipakia kama chumba: kila penye nafasi, panajazwa. Ukiniuliza cha kuzingatia kwanza kabla ya safari ya kiangazi, sitakutajia majiko wala viti vya kukunja. Nitakwambia ulipime uzito.

Wiki moja kabla ya kuondoka, lipakie kama vile mnaondoka kesho: maji, mitungi ya gesi, baiskeli, vyombo, mpaka viatu vya mvua. Kisha livute hadi kwenye mizani ya magari. Uzito unaotajwa wakati wa kuuziwa kwa kawaida ni wa tela tupu, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa umeongeza kilo 150 bila kubeba hata shuka. Linganisha utakachosoma na kibandiko cha mtengenezaji kilicho ubavuni mwa tela, halafu na kitabu cha gari. Kati ya kiwango cha kibandiko na cha kitabu, kilicho kidogo ndicho cha kufuata. Gari kuweza kulivuta tela mlimani si hoja. Hoja ni kama linaweza kulisimamisha mkishuka.

Mizani haikwambii uzito umekaa wapi, na hapo ndipo nilipojifunza kwa kuogopa. Safari yetu ya kwanza nilifunga baiskeli nne nyuma kabisa ya tela, na sanduku la vifaa likakaa karibu nazo. Lori likatupita kwa kasi, tela likaanza kutikisika taratibu kama mkia wa mbwa, halafu si taratibu tena. Watoto walinyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu wazaliwe. Mzigo mwingi ukiwa nyuma ya ekseli ya magurudumu, shingo ya tela, yaani mkono wa mbele unaofungwa kwenye ndoano ya gari, huinuliwa, ndoano hukosa uzito wa kuituliza, na upepo wa lori moja unatosha kuanzisha kuyumba. Marekani hushauriwa ndoano ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ulaya, ambako matela mengi ni mepesi, hutajwa asilimia 5 hadi 7. Lolote uvutalo, vitu vizito viwe chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na uzito wa ndoano usivuke kiwango cha gari lako. Likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usipambane na usukani. Ushike umenyooka, achia mafuta taratibu, na kama una kidhibiti cha breki za tela pekee, kibonyeze polepole.

Baada ya uzito, matairi. Gari la nyumbani hutembea kila siku, kwa hiyo tairi lake huisha kwa kulika. Tela hukaa miezi juani, na tairi lake huzeeka kabla halijawa kipara. Inama usome namba nne za mwisho za mfululizo unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakishapita miaka mitano au sita, mimi hubadilisha, hata kama yanang'aa. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kutembea, maana likishapata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Tena tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi, hupata moto na kupasuka, na kiangazi barabara yenyewe tayari inachoma. Angalia pia mwendo ulioandikiwa tairi. Mengi yaliyotengenezwa maalumu kwa matela mwisho wake ni kilomita 105 kwa saa, isipokuwa yameandikwa vingine. Spea iwepo, na ulijaribu jeki na spana zako nyumbani, kwa sababu jeki ya gari dogo mara nyingi haiwezi kuliinua tela, na nati zake huenda zikawa za saizi nyingine.

Kwenye ndoano, minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo, ili tela likichomoka shingo idakwe kabla ya kuchimba lami. Waya wa breki ya dharura, ule unaofunga breki za tela likichomoka, ufungwe kwenye gari lenyewe, usifungwe kwenye minyororo hiyo. Taa na indiketa jaribuni watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anatazama nyuma. Pima pia urefu wa tela kwenda juu, pamoja na kiyoyozi cha paani, uuandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi. Ukishaona bango la daraja fupi huku foleni ikikusukuma kwa honi, si wakati wa kukumbuka hesabu.

Kurudi nyuma kunahitaji uwanja mtupu na mchana mzima wa subira. Shika usukani sehemu ya chini kabisa: mkono ukienda kushoto, nyuma ya tela inakwenda kushoto. Anayekuelekeza asimame mahali unapomwona kwenye kioo, na mkubaliane kwamba akipotea tu, gari linasimama. Ndoa nyingi zingepata nafuu kwa sheria hiyo.

Gesi ifungwe kwenye mtungi kabla ya kuondoka. Kengele ya moshi na ya kaboni monoksidi ziwe na betri mpya, na jiko la kupikia lisitumike kamwe kupasha joto usiku. Kaboni monoksidi ni hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Abiria wote wakae garini na mikanda, hata aliyelala. Chakula sitakisemea, kila familia inajua tumbo lake.

Kisha laleni ndani ya tela usiku mmoja hapohapo nyumbani. Mtagundua pampu inayonguruma, mlango wa kabati usioshika, na kwamba kifungua kopo hakipo. Mtajifunza pia mpangilio wa kushuka: kabari za magurudumu kwanza, ndoano baadaye, ngazi na miguu ya kutulizia mwisho. Wapeni watoto kabari. Mtoto wa miaka saba hasahau kazi aliyokabidhiwa mbele ya wadogo zake.

Siku yenyewe, simameni baada ya kilomita kama 80. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu, hasa kama yalifunguliwa karibuni. Halafu zunguka tela ukisogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu sawasawa ni kawaida. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, huenda beringi imekauka grisi au breki inashika, na hapo msiendelee hata kama kambi iko karibu. Sogeeni kivulini, shusheni viti, na muiteni fundi.